Mfungo Usio na Idd

(Hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wa walimu wastaafu, Dodoma. Nimeinakili kutoka kwenye karatasi zangu, pamoja na maneno machache niliyoyaongeza palepale ukumbini.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, walimu wenzangu, na ninyi vijana mnaohangaika na kipaza sauti pale nyuma. Bwana asifiwe. Asalaam aleykum. Kwa wenyeji wa hapa, mbukwenyi.

Katibu aliponipigia simu aliniomba nizungumzie lishe ya uzeeni. Nikamwambia hilo tuwaachie madaktari, watu wamechoka kuambiwa wale mchicha. Ila nina jambo nililolijaribu kwenye mwili wangu mwenyewe kwa miezi minne, hadi mama Neema akakaribia kuitisha kikao cha ukoo. Akasema, hilohilo mzee, lilete.

Lilianza na zawadi. Kijana wangu wa pili, aliyeko Dar es Salaam, alinitumia kifurushi kwa basi. Nikadhani viatu. Kufungua, mizani ya jikoni, ile bapa ya kioo yenye tarakimu zinazowaka. Usiku akanipigia: baba, watafiti wamegundua wanaokula kidogo wanaishi sana, na sisi tunataka ufike mia. Alipokuja Pasaka akaniwekea na programu kwenye simu. Unaandika kila unachokula, yenyewe inajumlisha kalori. Ikaniuliza umri, kimo na uzito, nami nikaijibu kwa uaminifu kama niko mbele ya hakimu. Ikanipangia kalori 1,500 kwa siku.

Kwa wenzangu mliofundisha Historia na Kiswahili: kalori ni kipimo cha nguvu iliyomo kwenye chakula, kama lita ilivyo kipimo cha mafuta ya taa. Basi.

Sasa mimi nimefundisha Biolojia miaka 31. Kitu siwezi kukimeza kabla sijauliza kimetoka wapi. Nikafuatilia, na kijana hakuwa amenidanganya. Mwaka 1935, kwenye Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, Clive McCay na wenzake walitangaza walichokiona kwa panya weupe. Madume walioachiwa wale hadi washibe waliishi wastani wa siku 480 na ushei. Wenzao walionyimwa, wakapewa virutubisho vyote isipokuwa ile nguvu ya kunenepea, walipita siku 800. Hiyo ni karibu mara mbili! Akina mama mnaotabasamu hapo mbele, ngojeni nimalize: majike hawakupata nyongeza ya maana. Walioshiba na wasioshiba walikufa karibu umri mmoja. Hilo mwanangu hakunisimulia kwenye simu.

Tangu hapo jambo hilo limerudiwa kwa hamira, kwa minyoo, kwa nzi, na kwa panya wa kila ukoo. Mwaka 2024 kuna waliotoa matokeo ya panya 960. Wasiobanwa, nusu yao walikuwa wamekufa kufikia mwezi wa 25 hivi. Waliopunguziwa chakula kwa asilimia 40, nusu yao walivuka hadi mwezi wa 34. Mtu akisema hakuna kitu hapo, huyo hajasoma. Lakini katika panya hao hao, waliobanwa sawasawa, walioishi zaidi ni wale ambao miili yao iligoma kukonda. Na nasaba ya panya ilikuwa na uzito kuliko sahani yake.

Kwa nini kunyimwa kunarefusha? Nitawaeleza kwa lugha ya hapa Ugogo. Mwaka wa njaa hakuna anayejenga tembe jipya. Hakuna harusi, hakuna kuongeza zizi. Watu wanakandika lililopo: paa linalovuja linawekewa udongo, nguzo iliyoliwa na mchwa inabadilishwa. Chembe za mwili nazo hivyohivyo. Chakula kikipungua zinaacha kukua na kuzaliana, zinaanza kukarabati, na mabaki ya zamani zinayavunjavunja na kuyatumia upya. Mjapani Yoshinori Ohsumi alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuonyesha jinsi chembe inavyojila takataka zake hivyo. Kwa hiyo sababu ipo na inaeleweka.

Haya, turudi jikoni kwangu.

Siku ya kwanza mama Neema kasonga ugali wa uwele, mlenda wa karanga pembeni, na samaki mkavu kidogo. Tunakaa kama siku zote, sahani moja ya ugali katikati, mimi, yeye, na wajukuu wawili. Nawa mikono. Mimi nikavuta mizani. Nikamega tonge, nikaliweka juu ya kioo: gramu 62. Nikaandika. Nikalichovya kwenye mlenda, na hapo elimu yangu ikafika mwisho, maana mlenda wenyewe mnaujua. Unavutika. Upime uliobaki kwenye tonge, au ule uliorudi bakulini, au ule ulioning'inia katikati? Nikakadiria. Tonge la pili, gramu 58. Kunyanyua macho, wajukuu wameshafika upande wangu wa sahani. Mdogo akaniuliza, "Babu, unaliuza?"

Mama Neema hakusema neno siku ile. Alisema siku ya tatu, nilipoomba nipakuliwe changu peke yangu kwenye bakuli ili nipime kwa urahisi. "Baba Neema, miaka 40 nakupikia. Chakula changu kimepata kosa gani?"

Nikamwambia ni sayansi. Akaenda kuchota maji.

Wiki ya tano nikaanza kusikia baridi. Mnajua upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita; lakini mimi nilivaa koti saa nane mchana watu wakiwa na fulana. Wiki ya nane nikawa na hasira za rejareja. Mjukuu akiacha ukoko kwenye sufuria, namwangalia kama amevunja dirisha. Nikaanza kula taratibu sana, nausogeza ugali upande huu, naurudisha. Na usiku, walimu wenzangu, niliota pilau. Sikuota nikila. Niliota nauchambua mchele! Nikaamka nikaona aibu, mtu mzima na kiinua mgongo chake.

Hapo ndipo nilipokutana na habari ya Minnesota, na ndiyo iliyonitikisa kuliko zote.

Vita Kuu ya Pili ilikuwa inaelekea ukingoni, Ulaya watu wanakufa njaa, na hakuna aliyejua namna salama ya kumrudisha mtu aliyekondeana. Mtaalamu Ancel Keys, ambaye maabara yake ilikuwa chini ya uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Minnesota, akachukua vijana 36. Walikuwa wanaume waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, wakajitolea kulitumikia taifa kwa njia hii. Kwa wiki 24 za mwaka 1945 walipewa viazi, kabichi, mikate, makaroni, vyakula vya Ulaya iliyokumbwa na vita. Na wakawa wanatembezwa kilomita 35 kwa wiki. Wakapoteza kama robo ya uzito wao.

Kiasi chao kwa siku kilikuwa kalori 1,570 hivi. Mimi programu ilinipa 1,500. Wao walikuwa vijana na walikuwa wanatembezwa, sawa, mimi ni mzee wa kukaa barazani, hesabu si moja. Lakini nilipoziona zile namba nikaiweka simu chini.

Vijana wale walivaa makoti wakati wa kiangazi. Walilamba sahani. Chakula cha dakika kumi walikichezea hadi kikapoa, wakakiongezea maji kionekane kingi. Walitafuna ubani wa pakiti, kuna waliofikisha pakiti 40 kwa siku. Habari za wasichana ziliwatoka kichwani kabisa. Badala yake wakawa wanakusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kitandani kama riwaya. Mmoja wao alijikata vidole kwa shoka. Miili yao ilipona baadaye, lakini wengine walisimulia kwamba hata baada ya jaribio walikula na kula, tumbo limejaa, njaa bado ipo.

Niliposoma kuhusu vitabu vya mapishi nikamwita mama Neema, nikamsomea. Akauliza, "Na wao waliota wanachambua mchele?"

Nisionekane nimekuja kuutetea ulafi. Hapana. Wako humu wenye kisukari, wako wenye presha, na mimi ni mmoja wao. Daktari akikwambia punguza, punguza. Huo ni ugonjwa unatibiwa, na hotuba yangu haikuhusu. Ninaozungumza nao ni wazima wanaojinyima ili wanunue miaka. Ninawauliza, duka lenyewe mmelithibitisha lipo?

Kwa binadamu, jaribio kubwa lililofanywa vizuri lilikuwa Marekani, watu 218 wasio na unene wa kupindukia, miaka miwili. Waliopangiwa kupunguza waliambiwa wakate asilimia 25 ya kalori zao. Walikuwa na washauri, na vikao, na kila msaada. Walichoweza kukata ni asilimia 12 hivi. Presha zao zilishuka, mafuta ya damu yakawa mazuri, siwezi kuficha. Mifupa yao ya nyonga na mgongo nayo ikapungua msongamano wa madini. Kwa mtu wa miaka 35 hilo ni suala la kufuatilia. Kwa sisi hapa, ambao mtu akiteleza bafuni anaanza safari ya hospitali ya rufaa, naomba mlipe uzito. Na kama watu hao wataishi zaidi, bado hakuna anayeweza kusema.

Watafiti wakaenda kwa kima, maana ndio ndugu zetu wa karibu. Hapa panataka utulivu kidogo, kwa sababu mafunzo yake yanaingia hadi kwenye birika lenu la chai.

Vituo viwili, kima wa aina moja, wale wa Asia waitwao rhesus. Kimoja ni cha taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza uzee, kilianza 1987; kingine ni Chuo Kikuu cha Wisconsin, 1989. Wote wakawapunguzia kima chakula kwa kama asilimia 30. Mwaka 2009 Wisconsin wakatangaza: waliobanwa wanakufa kidogo kwa magonjwa ya uzeeni. Shangwe. Mwaka 2012 wale wa serikali wakatangaza: kwetu hakuna tofauti, wote wanaishi sawa. Miaka 20 na zaidi ya kulea kima, majibu mawili!

Wakakaa pamoja, wakalinganisha, na mwaka 2017 wakaandika kwa pamoja. Mojawapo ya tofauti ilikuwa kwenye ghala la chakula. Chakula cha Wisconsin kilikuwa karibu asilimia 29 sukari. Kile cha wenzao, chini ya asilimia 4. Tena kima wa Wisconsin ambao hawakubanwa waliachiwa wale watakavyo, ilhali wale wa kituo cha serikali walipimiwa kiasi cha kutosha. Kwa hiyo Wisconsin waligundua kwamba ukimlisha kima sukari bila mpaka, halafu ukamnyang'anya kiasi, unamsaidia. Hilo hata bibi yangu angewaambia bure.

Naangalia meza hizi. Nahesabu chupa za soda. Siongezi neno.

Ila kuna kitu kimoja ambacho ndicho hasa kimenisimamisha hapa. Kima wale wa Wisconsin waliwekwa kila mmoja kwenye kizimba chake. Ilibidi iwe hivyo, utapimaje alichokula mmoja kama wanakula pamoja? Nikaifikiria sana hiyo. Kisha nikakiangalia kibakuli changu cha pembeni, na mizani yangu, na sahani ile katikati ambayo mkono wangu haufiki tena. Hesabu ile haiwezekani mpaka mtu atengwe. Nilikuwa nimejijengea kizimba ndani ya nyumba yangu, na nilikilipia umeme.

Mkabishia, lakini mwalimu, dini zetu zinafunga. Ndiyo, zinafunga. Waislamu humu wanafunga Ramadhani mwezi mzima, Wakristo tuna Kwaresima. Lakini angalia mfungo ulivyo. Jua likizama kuna tende, kuna uji, kuna jirani aliyeleta futari kwenye bakuli lililofunikwa kawa, nalo haliwezi kurudi tupu. Wote mmeona njaa siku moja, wote mnafungua dakika moja. Na mwishoni kuna Idd, watoto wana nguo mpya. Mfungo wa kalori hauna Idd. Unaufunga leo, unaufunga kesho, unafunga peke yako, na wa kukufungulia ni jeneza.

Kuna bwana aliyeufunga kwa moyo wote. Roy Walford, daktari na profesa wa Los Angeles. Aliandika kwamba mtu anaweza kufika miaka 120 kwa njia hiyo. Mwaka 1991 aliingia na wenzake saba kwenye jumba la vioo kule Arizona, Biosphere 2, lililofungwa kabisa, walime wenyewe na wale walichovuna, miaka miwili. Mavuno hayakutosha. Daktari akawaambia wasihuzunike, hii ndiyo nafasi ya kupima nadharia yangu. Damu zao zilipendeza kwelikweli: presha chini, sukari chini. Lakini wale wanane walikosana hadi wakagawanyika, wanne huku, wanne kule. Watoto wa familia kubwa mtanielewa. Walford alifariki mwaka 2004 akiwa na miaka 79, kwa ugonjwa unaoua neva zinazoendesha misuli.

Mwaka huohuo wa 2004 alifariki na Ancel Keys, yule wa Minnesota. Yeye, baada ya kuiona njaa kwa karibu kuliko mwanasayansi yeyote, alijijengea nyumba kwenye kijiji cha pwani Italia, Pioppi, akawa anakula maharage, samaki, mboga na mafuta ya zeituni. Alifikisha miaka 100.

Walimu wa Hesabu nawaona mmeshanyoosha vidole. Ni kweli, watu wawili si ushahidi. Angekuja mwanafunzi wangu na watu wawili ningempa sifuri. Mfaransa Jeanne Calment alifika miaka 122 huku anapenda chokoleti, nalo halinifundishi kula chokoleti. Nimewataja kwa sababu 2004 ilinichekesha, basi.

Nimalizie na bibi yangu. Bibi mzaa baba alizaliwa wakati wa Mtunya. Wagogo mnajua, kwa wengine, hiyo ni njaa kubwa ya hapa, kati ya 1917 na 1920. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilikuwa vimepita na ng'ombe, na nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakataa. Umri wake kamili hatukuujua, na hilo lisitutie aibu: Wajapani, pamoja na madaftari yao yote, mwaka 2010 walikagua wakakuta wazee zaidi ya 230,000 waliovuka miaka 100 kwenye karatasi hawaonekani popote.

Bibi alikula kidogo. Sasa nataka mwone alivyokula kidogo, kwa sababu huko ndiko mwanangu na mizani yake hawakufika. Alikaa nasi kwenye sahani. Alimega matonge madogo, taratibu, akisimulia. Na chakula kikiwa bado kipo, tena kile kizuri cha katikati ambako mlenda ulikuwa haujapoa, alinyoosha mgongo, akanawa mkono kwanza kuliko wote. Akisema ameshiba, hakuna aliyeamini. Kilichobaki kilikuwa cha watoto, na sisi tulijua, tulikuwa tunakisubiri. Kisha aligonga sufuria kwa mwiko na kuuliza, "Nani hajala?" Kila siku. Hata tukiwa tumejaa nyumba nzima tunalala chali.

Watu wa Okinawa, visiwa vya Japani, wana usemi wao, hara hachi bu, kwamba acha ukiwa umejaa sehemu nane kati ya kumi. Duniani unasifiwa, na unastahili. Lakini mkubwa kutoa mkono mapema ili wadogo wabakiziwe, hilo hapa halijapewa hata jina. Ni adabu tu. Mtu anakula pungufu na wala hajisikii amenyimwa, kwa sababu anamwona anayekula badala yake.

Mimi kalori siandiki tena. Chai yangu haina sukari. Wiki mbili za kwanza ilikuwa kama maji ya kuoshea birika, sasa nimeizoea. Chumvi nimepunguza. Kwenye sahani nimerudi upande wangu wa zamani, na wajukuu wameusikitikia sana ule uwanja niliokuwa nimewaachia. Nanawa mapema, si kila siku, siku ya kuku nachelewa kidogo. Mizani anayo mama Neema. Anapimia karanga, pakiti za gramu 100, mia tano kila moja, na anasema tangu aache kukadiria kwa kikombe faida imeongezeka. Kijana wetu nimemwambia zawadi yake ni nzuri.

Ndugu Mwenyekiti, nasikia sufuria zinafunuliwa huko nje na macho ya watu hayapo kwangu tena. Wenye kisukari, chai isiyo na sukari iko kwenye chupa ya bluu, si ile nyekundu. Maji ya kunawa yanaanzia meza ya nyuma leo, maana kila mwaka wa mbele wanamaliza firigisi. Karibuni.